Kanda Mbichi

Saa saba na dakika kumi mchana, mwanamieleka aitwaye Ndui alikutwa amelala chali ofisini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakukuwa na mtu wa kumhesabia hadi tatu.

Aliyemkuta ni Shangazi, mwenye kampuni ya mieleka. Alimruka, akafungua droo ya kabati, akaona haina kitu, ndipo akamuuliza Ndui kama ni mzima. Mpelelezi aliuandika mpangilio huo kama alivyoelezwa, kwa sababu Shangazi mwenyewe aliusimulia bila kuona haya: kwanza droo, kisha mtu.

Ndani ya droo hiyo kulikuwa na kanda. Wote waliiita kanda ingawa haikuwa na utepe wowote. Ilikuwa diski nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Ilibeba mapambano ya miaka sita kama kamera zilivyoyachukua, kabla hayajakatwa, kuungwa wala kutiwa viungo. Kanda mbichi. Kituo cha televisheni kilichokuwa kikiwaonyesha kila Jumapili asubuhi, baada ya kipindi cha ufugaji wa nyuki, kilikuwa kimetoa taarifa kwamba Jumapili ijayo ingekuwa ya mwisho. Kituo kingine kilikuwa tayari kuwachukua na kuwapa Jumamosi jioni, saa ambayo wakubwa wamekaa na wadogo hawajalala. Sharti lilikuwa moja: kabla ya saini, wapewe kanda mbichi, waangalie wanachonunua. Mjumbe wao angefika saa kumi na moja. Bila kanda hapangekuwa na saini, na bila saini watu kumi na wanne wangerudi kule wanakorudi watu ambao ujuzi wao pekee ni kuanguka.

Polisi hawakuitwa; aliitwa Mpelelezi. Shangazi alitoa sababu mbili. Ya kwanza, habari ingekifikia kituo kipya kabla askari hajamaliza kuandika tarehe. Ya pili, hakutaka iandikwe katika kitabu cha serikali kwamba Ndui, kilo mia moja na ishirini, ameangushwa kwa pigo moja na mtu asiyejulikana.

"Ana jina la kulinda," alisema.

Jina lenyewe lilikuwa la ugonjwa, lakini Mpelelezi hakubishana. Alikuwa mwanamke aliyestaafu polisi miaka mitatu nyuma na bado akiitwa Afande hata na wajukuu zake. Alitoa daftari, akaomba watu wote wasogee ukutani.

Chumba kilisaidia. Asubuhi fundi alikuwa amekwangua plasta ya dari iliyolowa mvua, na vumbi jeupe lilitanda sakafuni kote. Shangazi aliliombea radhi kana kwamba mgeni amekuja kula. Mpelelezi alipiga goti na kusoma. Kulikuwa na alama za kandambili, za Shangazi. Kulikuwa na alama za miguu mitupu yenye upana wa sinia, za Ndui. Na kulikuwa na alama za soli za mpira zenye vijisanduku vidogo, zilizoingia kutoka mlangoni, zikaenda kwenye rafu ya vifaa, zikapotea mbele ya kabati, mahali ambapo Shangazi alikuwa amechakura kama kuku na kufuta kila kitu.

Katikati ya chumba palikuwa na alama ya mgongo, bila ya kichwa. Kila upande wa mgongo huo, hatua moja ndogo kutoka ubavuni, palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimetanuka, safi kama muhuri. Mpelelezi alipima umbali, akachora, akaandika "viganja viwili", akaweka alama ya kuuliza.

Ndui alikuwa amekaa kwenye kiti kilichomlalamikia, kitambaa chenye maji kisogoni. Katika ulingo alikuwa mwovu wa kampuni: alitema mate, alivuta nywele, alikanyaga vidole vya watu wema. Nje ya ulingo aliongea kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Alisema aliingia saa saba kuchukua viatu vyake. Alisikia kitu kisogoni. Kisha akaona dari.

"Uliona nani?" Mpelelezi aliuliza.

"Dari."

"Kabla ya dari."

"Viatu."

Aliomba kugusa mahali palipopigwa. Kisogo kilikuwa kigumu na laini kama gogo la mpingo. Hakikuwa na nundu wala mchubuko.

"Mimi sivimbi," Ndui alieleza.

Mpelelezi aliandika: Havimbi.

Shangazi hakuwa na shaka juu ya soli za mpira. Saa sita na nusu fundi sauti wa kituo cha zamani alikuja kuchukua maikrofoni zake, akaondoka na begi jeusi. Watu wa kituo hicho walikuwa wanajua kanda ile ndiyo roho ya kampuni. "Wametutema," alisema Shangazi, bila kupandisha sauti, "na sasa wamerudi kuchukua mate."

Ilikuwa dhana nzuri, na Mpelelezi aliifuata kama taratibu zinavyotaka, kwa miguu, dakika ishirini, jua likiwa utosini.

Fundi sauti alikuwa stoo ya kituo, nyuma ya rundo la mahema, akikunja nyaya. Viatu vyake vilikuwa na soli za vijisanduku na vilikuwa vyeupe hadi kwenye kamba. Alipoambiwa kuna kitu kimepotea hakuuliza ni kitu gani. Alivuta begi, akalifungua, akapanga vitu mezani kimoja baada ya kingine kama mtu aliyezoea kupekuliwa: maikrofoni nne, nyaya sita, betri, kofia, nusu pakiti ya biskuti. Diski haikuwemo. Mpelelezi alitia mkono hadi kwenye mshono wa chini na kupata biskuti nyingine.

Alimuuliza kama alimwona mtu ofisini.

"Ndui alikuwepo. Amesimama mbele ya kabati."

"Saa sita na nusu?"

"Na dakika tano hivi. Nilimwambia pole na Jumapili. Akaniambia, tumeshapoa."

Mpelelezi alisimamisha kalamu. Ndui alikuwa amesema aliingia saa saba. Alitia mstari chini ya "saa saba", kisha akauliza kanda ile ingekifaa nini kituo cha zamani. Fundi alijibu kwamba isingewafaa kitu. Kwake kanda mbichi ilikuwa kama mboga ambayo haijachambuliwa. Kazi yake yote ilikuwa kuipika ili ilike. Kelele za watazamaji, kwa mfano, alizitia mwenyewe, kutoka kwenye mechi ya mpira. Mtu akisikiliza vizuri, bingwa Malaika anapomtupa Ndui nje ya kamba, kuna shabiki anayedai kona.

"Na watazamaji wa kweli?"

"Wa kweli walikuwa wanakohoa."

Aliokota maikrofoni moja, fupi, nene, iliyozungushiwa sifongo. Hii, alisema, ilikaa chini ya mbao za ulingo. Ndiyo iliyochukua mshindo mtu akianguka.

"Mshindo tu?"

Fundi aliirudisha begini. "Inachukua kila kitu. Mimi nilikuwa nabakiza mshindo."

Mpelelezi alirudi ukumbini saa kumi kasorobo. Dhana ya mate ilikuwa imekufa na hapakuwa na mtu wa kuizika. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa upande mmoja tu wa ulingo, upande uliotazamana na kamera. Upande wa pili palikuwa na ngazi na ndoo.

Malaika, bingwa wa kampuni, mtu mwema kwa mkataba, alikuwa peke yake ulingoni akifanya mazoezi ya kuanguka. Alisimama wima, akaachia magoti, akajitupa nyuma. Paa. Akainuka, akajitupa tena. Paa. Sauti ilikuwa ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo, na sura yake ilikuwa ya mtu anayepanga foleni ya maji.

Mara ya nne Mpelelezi hakutazama mgongo. Alitazama mikono. Kabla mgongo haujafika chini, mikono yote miwili ilifunguka na viganja vikapiga mbao, kimoja kila upande, vidole vimetanuka. Kidevu kilikuwa kifuani. Kichwa hakikugusa kitu.

Alimwomba aeleze. Malaika alieleza kwamba viganja hugawana uzito na mgongo, ili pasiwe na kiungo kimoja kinacholipa peke yake. Kila mwanamieleka hufundishwa hilo wiki ya kwanza na halitoki tena. Mwaka jana yeye mwenyewe aliteleza bafuni kwa baba mkwe wake, akapiga sakafu viganja viwili, na mzee akatoka mbio akidhani mlango umevunjwa.

"Na mtu aliyepigwa akazirai? Mwanamieleka huyo huyo?"

"Huyo anaanguka kama gunia, Afande. Gunia halina mikono."

Mpelelezi alifungua daftari na kufuta ile alama ya kuuliza.

Ndui alikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amevaa kiatu cha kushoto na kukifunga hadi gotini. Cha kulia kilikuwa kimesimama pembeni yake kwenye benchi, soksi imechungulia juu. Mpelelezi alikaa upande wa pili wa kiatu hicho, akampa Ndui maelezo kwa utaratibu. Anayepigwa kisogoni huanguka kifudifudi, naye alianguka chali. Anayezirai hapigi sakafu viganja, naye alipiga vyote viwili. Kichwa kinachopigwa hupiga sakafu pamoja na mwenyewe, chake hakikugusa vumbi. Na nusu saa kabla ya kuvamiwa alikuwa amesimama mbele ya kabati, akiwa ameshapoa.

Ndui alitazama viganja vyake. Bado vilikuwa na weupe kwenye mistari.

"Nilianguka vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Nilitaka nilale tu, polepole. Nikashindwa. Mtu mzima, nijilaze chini kama anayesinzia." Alitikisa kichwa. "Nikaona nianguke kikazi."

Alitia mkono ndani ya kiatu cha kulia, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa diski. Alimpa Mpelelezi kama mtu anayerudisha chenji.

Sababu Mpelelezi alikuwa nayo tayari, na aliisema: viti. Kanda mbichi ingewaonyesha kituo kipya upande wenye ngazi na ndoo. Wangejua hakuna anayekuja, na wangeondoka. Ndui alisikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akasema kituo kipya kilishatuma mtu mara mbili kuhesabu watazamaji. Mara ya pili alikuja na mkewe, na kampuni nzima ikafurahi kwamba idadi imepanda.

"Viti wanavijua, Afande. Nenda kasikilize."

Walisikiliza ofisini saa kumi na nusu, Mpelelezi na Shangazi, kwenye kompyuta iliyofunikwa vumbi la dari. Ndui alisimama mlangoni na kiatu kimoja.

Shangazi ndiye aliyekuwa mpishi wa kampuni. Hilo ndilo neno lao: aliamua nani ashinde, nani avunjwe mkono, nani asaliti nani, na katika miaka sita hakuna pambano ambalo hakulipika yeye. Alichagua la fainali ya mwaka juzi. Kwenye kioo Ndui alimwinua Malaika juu ya kichwa, ulimi nje, macho yamegeuka. Kelele za mpira hazikuwepo. Kulikuwa na mtu mmoja anayekohoa na, chini ya kikohozi, kutoka kwenye mbao, sauti mbili, ya Ndui ikianza.

"Goti lako vipi?"

"Lina nafuu."

"Nikutupe upande gani?"

"Kulia. Mtoto ametoka hospitali?"

"Jana. Haya, nakuja. Pumua."

Mshindo.

"Umeumia?"

"Hapana. Nitukane sasa."

Na Ndui wa kwenye kioo alikwenda kwenye kamba akawaambia watazamaji wote kumi na mmoja kwamba wao ni takataka.

Shangazi alisogeza mbele. Mwaka mwingine, mtu mwingine, mambo yale yale. Alisogeza tena. Ndui alikuwa amemkaba Malaika shingo kwa dakika nzima, uso umevimba kwa chuki, akimweleza namna ya kubadilisha mpira wa bomba linalovuja. Malaika, akikata roho, aliuliza mpira wa saizi gani.

Uso wa Shangazi haukubadilika. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo mita nne kutoka kwenye ulingo na hakuwahi kusikia neno hata moja.

"Kumbe hii ndiyo uliyoiba," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Shangazi." Alimwita hivyo ingawa yeye Ndui alimzidi umri kwa miaka minne: kampuni ilianzishwa na marehemu kaka yake Shangazi, na wanamieleka wote aliachiwa yeye kama wapwa.

"Tungekufa njaa kwa ajili ya bomba linalovuja."

Ndui alisema televisheni si daktari. Kituo cha zamani kiliwaacha kwa sababu hakuna aliyeangalia, na kituo kipya kingewaacha kwa sababu hiyo hiyo, mwaka mmoja baadaye, Jumamosi badala ya Jumapili. Lakini wakifa leo, angalau yeye angekufa akiwa bado ni Ndui mwovu. Shangazi alijibu kwamba mwaka mmoja si kitu kidogo kwa mtu mwenye mtoto anayeingia na kutoka hospitali. Waliongea hivyo kwa muda, taratibu, kama watu wanaokubaliana bei ya kitu ambacho wote wawili hawakihitaji. Mwishowe Shangazi alimuuliza Mpelelezi kama ampe mjumbe kanda au amwambie imepotea.

Mpelelezi alisema aliitwa kutafuta diski. Aliandika "imepatikana, saa kumi na dakika ishirini", akaweka saini.

Mjumbe wa kituo kipya alifika saa kumi na moja kamili. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kompyuta yake mwenyewe na visikizi vyake mwenyewe. Alisalimia kila mtu, hata fundi wa dari aliyekuwa amerudi kuchukua ngazi. Shangazi alimpa diski kwa mikono miwili. Mjumbe alitia visikizi, akakodoa macho kwenye kioo kwa dakika kumi na tano. Hakucheka. Mara moja aliandika neno fulani. Mara moja alirudisha nyuma, akasikiliza tena mahali pale pale.

Kisha alitoa kisikizi kimoja sikioni.

Alisema wangewachukua. Tena si Jumamosi pekee. Jumamosi na Jumatano. Si mwaka mmoja, miaka miwili. Lakini wasingetia kelele zozote. Wangeonyesha hivi hivi, na maikrofoni ya chini ya ulingo wangeweka tatu.

Shangazi alisema kwamba hiyo ni siri ya kazi. Mjumbe alijibu kwa upole kwamba siri hiyo kila mwenye umri zaidi ya miaka tisa anaijua.

"Wanajua," Ndui alisema kutoka mlangoni. "Hawajatusikia."

Mjumbe alimgeukia. Labda hapo ndipo alipotambua kwamba mtu huyu mwenye kiatu kimoja ndiye yule wa kwenye kioo, kwa maana alitabasamu.

"Watakupenda sana," alimwambia.

Ndui alifikiri jambo hilo. Alilifikiri muda mrefu kiasi kwamba fundi wa dari alipita na ngazi, akagonga mlango kwa ngazi, akaomba radhi, akaenda.

"Miaka kumi na tisa nimezomewa," alisema. "Ndiyo kazi yangu. Nani atamzomea mtu aliyeuliza hali ya goti?"

Mjumbe alitoa mkataba. Aliuweka mezani pamoja na kalamu. Shangazi alichukua kalamu lakini hakuandika. Alimtazama Ndui. Mpelelezi, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha tangu nusu saa nzima nyuma na hakuna aliyemwambia aondoke, alimtazama pia. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Malaika akianguka, akiinuka, akianguka.

"Tuko wangapi?" Ndui aliuliza, ingawa alijua.

"Kumi na wanne."

"Tia saini, Shangazi."

Alitia saini kurasa zote tatu. Mjumbe alichukua nakala yake, akaaga kila mtu kwa mara ya pili, akasema kamera zingefika Jumamosi saa nane. Waliusikiliza mlango wa nje ukifungwa. Mpelelezi alifunga daftari na kutafuta mkoba wake. Shangazi alibaki amekaa, nakala ya kampuni mbele yake, kalamu bado mkononi.

Ndui aliingia, akavuta kile kiti kilichomlalamikia, akakaa karibu naye.

"Jumamosi," alisema, "nikishamwinua, nimwambie nini?"

"Useme tu chochote, kama siku zote."

"Siku zote hapakuwa na mtu wa kutusikia." Alimsogezea mkataba. "Niandikie, Shangazi."

Shangazi aligeuza mkataba upande usio na maandishi, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaanza kuandika.